Kucha Nyekundu Edani

Jamani, uso wangu leo sijui niuweke wapi. Nimejifungia chumbani, sipokei simu ya mtu, nimewabakisha nyinyi tu wa kundi hili kwa sababu mko mbali na hamumjui wifi yangu. (Anayemjua anyamaze.)

Mnajua niko eda. Baba Salha ametangulia, Mungu amrehemu, na mimi ni mjane wa kufuata mambo. Sitoki, sijipambi, sijitii manukato, nguo zangu mbili nyeupe nazifua kwa zamu. Kazini, kule kwenye nyumba ya wazee ninakowaogesha na kuwalisha, nimeomba likizo. Bosi wangu Mwingereza aliniuliza, "Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba? Utakuwa unafanya nini?" Nikamwambia nitakaa. "Utakaa tu?" Nitakaa tu.

Basi sikukaa tu. Eda yangu mimi nimekaa Hanoi.

Ngojeni nieleze. Salha, mwanangu wa pekee, alikuwa na safari yake tangu zamani ya kuzunguka Asia na begi mgongoni, kama wafanyavyo vijana wa huku London, begi lenyewe kubwa kuliko yeye. Baba yake alikuwa upande wake. Mimi nilikuwa upande wa kulala kwenye kitanda chako na kula chakula unachokijua. Baba yake alipofariki, Salha akasema haendi tena. Nikamwambia nenda, baba yako alitaka uende. Nilimwambia hivyo kwa sauti kavu kabisa, kisha nikaingia msalani nikafungulia bomba lote ili asinisikie.

Maneno niliyoyapata baada ya hapo, wacheni. Wifi yangu Bi Raya, dada wa marehemu, anayekaa Thamesmead na anayekuja kwangu Barking na masufuria yake kuilinda hii eda kama ni mali yake, alisema mbele ya wageni, "Mtoto gani anamwacha mama yake edani akaenda kutalii?" Nikamjibu kwamba Salha ameniahidi. Siku nikitoka eda atakuwa hapa, yeye ndiye atakayenivisha nguo mpya na kunishika mkono tutoke mlangoni. Wifi akasema, "Tutaona." Hiyo "tutaona" yake nimelala nayo na kuamka nayo.

Wiki za mwanzo Salha alinipigia akilia. Alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara huko Hanoi, Vietnam, pikipiki zinapita bila kukatika, hakuna anayesimama, hakuna taa inayosikilizwa. "Mama, siwezi kuvuka." Nilikuwa kitandani, kwenye upande wa baba yake. Nikamwambia nigeuzie kamera nione. Nikaona. Sauti nikaikaza. Nikamwambia hebu tazama wenyewe wanavukaje. Tukatazama pamoja. Kulikuwa na bibi mmoja na kikapu chake, akajitosa katikati polepole, hakimbii, harudi nyuma, na pikipiki zikampitia huku na huku. Nikamwambia na wewe nenda hivyohivyo, sema Bismillah, mimi niko nawe. Akaenda. Nilikuwa nahesabu pumzi zake. Alipofika ng'ambo tulilia sote wawili, kisha akacheka, na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yangu. Kila akivuka, ananipigia. Asubuhi yangu ni jioni yake, yeye anatoka kutafuta chakula, mimi niko sikioni mwake. Nikaujua mji. Najua mtaa wenye maduka ya makufuli matupu, duka baada ya duka, makufuli tu. Najua kinyozi aliyetundika kioo ukutani akaweka kiti chake barabarani. Najua kichochoro chenye vizimba vya ndege na nyaya za umeme zilizosokotana juu, na mbwa mweupe anayelala katikati ya njia wala hajali. Namjua mama muuza chakula mwenye vibao vidogo vya kukalia vya plastiki, ambaye Salha alimwonyesha kwa ishara kwamba nguruwe hapana, na yeye akawa anamkaangia mayai yake kwenye kikaango cha peke yake. Wanawake wakija kunipa pole wananikuta natabasamu na simu, wanatazamana.

Hapo ndipo nilipokuwa. Mume ameondoka, lakini kuna mtu bado hawezi kuvuka njia bila mimi.

Sasa siku hizi za karibuni simu zilikuwa fupifupi. "Mama, nitakupigia baadaye." Halafu hiyo baadaye haiji. Jana hakupiga. Leo asubuhi nikapiga mimi, haipatikani. Nikaandika ujumbe, tiki moja. Nikaandika wa pili, tiki moja. Nikafanya dhikri. Nikapika chai nisiyoinywa. Ilipokaribia saa sita mchana nilikuwa nimeshamwona mwanangu chini ya pikipiki kila aina, na ya mwisho ilikuwa imebeba friji. (Msinicheke, zinabeba mafriji. Nimeona kwa macho yangu.)

Nimpigie nani? Wifi angesema, si nilisema? Polisi wa hapa wangeniuliza ana umri gani, nikisema ishirini na tatu wangeniambia nitulie. Nikakumbuka. Chini ya fleti yetu kuna duka la kucha, na mwenye duka, Lan, ni wa Vietnam.

Sasa anielewe mtu atakayenielewa. Sisi watu wa Pemba, ukimkosa mtu wako Wete, humtafuti. Unampata mtu yeyote wa Wete popote alipo duniani, iwe Dubai, iwe Toronto, anapiga simu moja tu, huko jirani anatokea mlango wa uani, na mtu wako anapatikana kabla chai haijapoa. Kwa hiyo akili yangu iliniambia kwamba Lan ni mtu wa Vietnam, Salha yuko Vietnam, basi hapa kazi imeisha.

Nikavuta buibui juu ya nguo ya eda, nikateremka ngazi mbio. Nilipofika chini ndipo nilipoona nimevaa ndara za marehemu. Zilikuwa mlangoni pale pale alipoziacha na hakuna aliyethubutu kuzitoa. Sikurudi kuzivua. Nikaingia hivyohivyo, naburuza.

Duka lilikuwa limejaa, Jumamosi. Wanawake wamepangwa kwenye viti, miguu majini, mikono mezani, miziki, harufu ya ile dawa ya kucha inayopanda mpaka utosini. Lan aliponiona alisema, "Kaa, kaa, jirani," akanivutia kiti. Nikakaa. Akanishika mkono.

Hapa ndipo nilipopotelea. Kwetu mtu mwenye msiba anashikwa mkono. Kila anayeingia nyumbani kwangu miezi hii ananishika mkono, anakaa nao hivyo, anasema pole, na hauachii mpaka amalize. Lan anajua nimefiwa, jeneza lilitokea mlangoni pake. Kwa hiyo aliponishika mkono kwa upole namna ile na kuutazama kwa huruma, nikajua ananipa pole. Nikamwachia. Nikaanza kulia papo hapo, tena kilio cha sauti, wale wenye miguu majini wakageuka wote.

"Mwanangu amepotea," nikamwambia. "Yuko Hanoi. Hapokei simu. Mpigie mtu wa kwenu amtafute."

"Hanoi?" akasema Lan, bado kanishika. "Mimi natoka kusini, jirani. Ni mbali. Hanoi nimepita tu."

"Lakini huna mtu? Hata mmoja?"

Akafikiri. Akasema binamu wa mumewe yuko huko, anaitwa Tuan, lakini Hanoi ni mji mkubwa mno, mtu atamtafutia wapi? Nikamwambia mpigie tu, mimi nitamwelekeza.

Akampigia kwa video, akaisimamisha simu mezani ikaegemea chupa za rangi. Akaendelea kunishika mkono. Nilihisi anausugua vidoleni, nikasema moyoni hawa wenzetu pole yao ina mikono mizuri. Tuan akatokea kwenye kioo cha simu, kofia ya pikipiki kichwani tayari, wakaongea kidogo kwa lugha yao, kisha Lan akanigeukia. "Anauliza aende wapi."

Nikajifuta kamasi, nikaanza. Nikamwambia aende mtaa wa makufuli. Auache, mkono wa kulia ataona kioo cha kinyozi ukutani. Asiingie kichochoro cha kwanza, hicho kina duka la viatu na hakitokei popote. Aingie cha pili, cha vizimba vya ndege. Akimwona mbwa mweupe asimpigie honi, haondoki, ampitie pembeni. Mwisho, kinapotokea barabara kubwa, kuna mama anauza chakula, ana vibao vyekundu vya plastiki, ndipo Salha anapokula.

Lan alikuwa anatafsiri huku amekodoa macho. "Umeishi Hanoi lini?" akaniuliza.

"Sijawahi kufika."

Tuan akaitia simu mfukoni, tukawa tunasikia upepo na honi. Sikutoa macho kwenye kioo kilichokuwa cheusi. Lan akaniuliza kitu, nikaitikia kwa kichwa. Akaniuliza kingine, nikaitikia. Mtu anakutafutia mwanao, utamkatalia nini? Akanitia mkono kwenye kisanduku chenye taa ya zambarau. Vidole vyangu vilikuwa baridi, nikajua ananipasha moto. Nikamshukuru.

Kisha mwanga ukarudi, Tuan akainua simu, na mimi nikaona vizimba vya ndege. Nikaona mbwa. Nikaona vibao vyekundu. Na kwenye kibao kimoja, amenipa mgongo, kajitanda shungi lake la bluu nililomnunulia mwenyewe, mwanangu anacheka na watu.

Mzima. Hana hata mkwaruzo. Anachekaaa.

Tuan akamgusa bega akampa simu. Salha akatazama, uso ukabadilika. "Mama? Mama, huyu ni nani? Uko wapi hapo?"

"Simu yako iko wapi?"

"Imeingia maji tangu jana. Nilisema nitanunua nyingine kesho. Mama, imepita siku moja tu."

Siku moja tu. Akasema ngoja, hapa kuna kelele, nisogee. Akasimama na simu mkononi, uso wake mbele yangu, akawa anatembea huku ananieleza habari za simu na mchele alioifukia ndani ikauke. Nyuma yake nikaona pikipiki. Halafu kushoto kwake pikipiki, na kulia pikipiki, zinampitia karibu kabisa na bega. Hakutazama. Hakupunguza mwendo, hakuongeza, mdomo unaendelea na habari za mchele. Akafika ng'ambo akaegemea ukuta.

Nikamwambia, "Umevuka."

"Nimevuka nini?"

Hakujua. Alikuwa amevuka barabara ile ile iliyomliza, na hakujua kwamba amevuka. Nilifurahi, wallahi nilifurahi, na hapohapo kitu kikanikatika ndani. Nilimfundisha kazi moja tu, akaijua, na sasa mimi sina kazi. Nikalia tena. Wale wanawake wa miguu majini wakadhani ni furaha tupu, wakaanza kupiga makofi. Mmoja akapiga na vigelegele, au alijaribu. Lan naye akashangilia, akauinua mkono wangu juu kama wa mpiga ngumi aliyeshinda.

Na mimi nikautazama huo mkono.

Kucha tano, nyekundu, zinang'aa. Nyekundu ya bibi harusi.

Nikataka kuushusha, Lan ameushikilia. Nikageuza uso mlangoni. Na nyuma ya kioo cha duka, sufuria mkononi limefungwa kitambaa, majirani zake wawili wa Thamesmead kulia na kushoto, amesimama wifi yangu Bi Raya.

Ifikirieni hiyo picha inavyoonekana kutokea nje. Mjane wa ndugu yake. Eda haijaisha. Mchana kweupe. Dukani kwa kucha, ndara za marehemu miguuni, mkono juu, rangi nyekundu, wanawake wanampigia makofi na miziki. Ningekuwa mimi ndiye niliye nje ningekwenda nyumbani nikafe.

Akaingia. Makofi yakafa moja moja. Akaweka sufuria juu ya meza kati ya chupa za rangi.

"Mke wa ndugu yangu," akasema.

"Wifi, sikupaka mimi."

"Kapaka nani?"

Nikamtazama Lan. Lan akatabasamu kwa heshima zote, akamwambia wifi, "Karibu. Na wewe unataka?"

(Ardhi ya Barking ni ngumu. Niliiomba ipasuke, haikupasuka.)

Mmoja wa wale majirani akajifunika mdomo na ncha ya mtandio. Mpaka sasa sijui alikuwa anastaajabu au anacheka, na kesho itajulikana, maana habari zitakuwa zimeshafika Zanzibar na kurudi. Nikaona jambo la kuniokoa ni moja. Nikaigeuza simu nikampa. "Nilikuja kumtafuta Salha. Huyu hapa."

"Shangazi," akasema Salha. "Asalaam aleikum."

Uso wa wifi ukalegea kidogo. Anampenda, huyu mtoto ndiye damu ya ndugu yake iliyobaki. "Aleikum salaam. Alhamdulillahi u mzima. Sasa hebu niambie, mwanangu, unarudi lini? Mama yako eda inakaribia kwisha. Anakungoja wewe umtoe."

Salha akainamisha macho. Namjua mwanangu akiinamisha macho hivyo. Nikasema moyoni, si hapa mama, tafadhali, si sasa hivi. Lakini simu ilikuwa mkononi mwa wifi.

Akajibu kwa Kiingereza. Hawa watoto wetu wa London, jambo dogo atalijibu Kiswahili, jambo zito linatoka kwa Kiingereza. Yaani duka zima likasikia na kuelewa. Alisema amepata kazi ya kufundisha watoto Kiingereza. Alisema amepata chumba, juu ya pale anapouza yule mama wa mayai. Alisema nyumbani kila kitu kina baba yake ndani, hata kikombe, na huku ndiko mahali pa kwanza ambapo ameamka asubuhi bila ya kifua kumbana. Alisema anataka kukaa mpaka mwakani. Alisema alikuwa anatafuta namna ya kuniambia na ndiyo maana hakuwa anapiga. Kisha akasema, kwa Kiswahili sasa, "Nisamehe, Mama."

Hata maji ya miguuni yalitulia. Mwanamke mmoja Mwingereza, uso kama wa mabibi ninaowaogesha kazini, alikuwa anajifuta macho kwa mgongo wa mkono wenye rangi mbichi, akajipaka shavuni.

Nikaichukua simu kwa wifi. Nilitaka kusema mengi. Nilitaka kusema na mimi je, kikombe si nakinywea mimi? Nilitaka kusema uliniahidi. Nikautazama uso wake, umenona kidogo, umepata rangi. Alipoondoka hapa alikuwa kama nguo iliyofuliwa mara nyingi.

"Unapapenda huko?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi kaa."

"Kweli?"

"Kaa. Nunua simu."

Tukaagana. Nikamrudishia Lan simu yake kwa mkono wenye kucha nyekundu. Nikamgeukia wifi nikamwambia, "Haya, sema. Sema ile tutaona yako."

Bi Raya akavuta kiti kilichokuwa kitupu, akakaa karibu yangu, buibui lake likaingia kwenye beseni la miguu la jirani wala hakuliondoa. Akawa anaitazama ile simu iliyozimika. "Huyu ni ndugu yangu mtupu," akasema mwisho. "Na yeye alituaga Pemba kwa wiki mbili, hakurudi." Akageukia ukuta wenye picha za kucha, akalia kwa ukuta. Miezi yote hii amekuja na masufuria, amenifuta mimi machozi, sijamwona akilia. Ilikuwa sijafikiri hata siku moja kwamba yeye kafiwa na kaka.

Alipomaliza akapenga kamasi, akarudi kuwa Bi Raya. Akamwambia Lan kwa Kiingereza cha amri, "Hiyo rangi itolewe. Sasa hivi."

Lan akaeleza, kwa masikitiko, kwamba hiyo si rangi ya kufuta, ni ya jeli, ile iliyokaushwa kwa taa, inalowekwa dawa na kufungwa karatasi ya foili mpaka ilegee. Kwa hiyo nikakaa pale, mjane wa watu, vidole vitano vimefungwa foili kama samaki wa kuchoma, wifi upande huu, majirani wa Thamesmead upande ule, wali wa nazi unapoa mezani, na kila mteja anayeingia ananiuliza kama nina harusi. Wifi anajibu kwa niaba yangu, "Ana msiba." Wanasema pole, wanatazama foili, hawaulizi zaidi.

Kidole gumba kimekataa. Kimebaki na wekundu pembeni, nimekificha ndani ya ngumi tangu mchana, na hata haya nayaandika kwa mkono wa kushoto.

Basi chekeni, najua mmeshaanza. Lakini kila atakayecheka anadaiwa kuja Barking siku yangu ya kutoka eda, maana aliyekuwa anitoe mlangoni amepata kazi.